Kupanda Nyiragongo kupitia Kibati: mwongozo kamili kwa mtu wa Goma

Mtu wa Goma anaiona Nyiragongo kila asubuhi akifungua mlango, usiku anaangalia kama mawingu ya juu yake iko nyekundu, ila ukimuuliza kama ameshafika kule juu anakujibu ile ni mambo ya wazungu. Hapana. Mlima ni wetu, uko hapo ku barabara ya Rutshuru, na kijiji cha kuanzia, Kibati, ni kama nusu saa ya gari ukipita Majengo, Munigi na Kanyaruchinya. Naandika hii kwa mtu mwenye anaishi hapa, hana ajansi ya kumpangia kila kitu, na anataka kufanya hii safari vizuri siku itakapowezekana.

Niseme jambo moja mapema: safari ya Nyiragongo inaharibika ao inatengenezeka ku Kibati, haiko kule juu. Mtu anayerudia njiani mara nyingi alishashindwa pale chini, amefika akiwa amechelewa, viatu ni vya mjini, maji ni chupa mbili, mzigo anabeba mwenyewe ju hakutaka kulipa kijana wa kijiji. Njo maana nitakaa sana ku maandalizi na ku Kibati yenyewe, njia nitaipita kwa mwendo wake.

UJUE KWANZA KAMA MLANGO UKO WAZI

Nyiragongo iko ndani ya Parke ya Virunga, ile ya zamani kuliko zote mu Afrika, ilianzishwa 1925, na hakuna njia halali ya kupanda bila parke kukuandikisha na kukupa walinzi wake. Kati ya volkano ya 22 Mei 2021 na vita yenye ilifuata, ule mlango wa Kibati umekaa umefungwa muda mrefu sana. Kwa hiyo kabla hujanunua hata soksi, uliza. Unauliza parke yenyewe, haiko motari, wala yule mtu wa WhatsApp mwenye anasema anajua kanjia kake.

Nasisitiza hapo ju watu wamekuwa wanashawishika. Mtu anakuambia nipe dola kidogo nikupitishe nyuma, tunatoka saa tisa ya usiku, hakuna atakayejua. Ndiyo, hakuna atakayejua, hata siku mguu wako utavunjika mu mashimo ya lava, hata siku mutakutana na wenye bunduki mu pori, hata siku utaingia ku mazuku, ile gazi ya kuua yenye inalala mu mashimo. Walinzi wanatembea mbele na nyuma ya kundi kwa sababu. Mlango ukiwa umefungwa, hupandi, basi.

Swali la pili unalipeleka ku OVG, ile observatwari ya volkano ya hapa Goma: leo rangi ni gani? Rangi ziko nne. Kijani ni utulivu, njano ni kuwa macho, chungwa ni kujitayarisha kutoka, nyekundu ni kukimbia. Sisi tumezoea sana njano mpaka mtu haiangalii tena, ila mtu anayetaka kulala ku mdomo wa volkano anapaswa kuiangalia wiki nzima kabla, na asubuhi ya safari anaiangalia tena.

La tatu ni barabara. Hapo nawaamini zaidi wamama wanaoleta mashu na birayi kutoka Kibumba, ju wanapita Kibati kila siku na wanajua jana kulikuwa nini. Ongea nao sokoni, nunua kitu, uliza kwa heshima, "Mama, njia iko namna gani leo?" Watakuambia ukweli.

KAMA BADO UMEFUNGWA, TENGENEZA MWILI

Sisi wa Goma tuko na bahati moja, tunaishi karibu mita 1500 juu ya bahari, kwa hiyo mapafu yetu yana mazoezi kuliko ya mtu wa Kinshasa mwenye anashuka ndege leo na kesho anataka kupanda. Ila usidanganyike. Kibati iko karibu mita 2000, juu kabisa ni mita 3470, ina maana unapanda kama mita 1500 kwenda juu mu siku moja, masaa manne mpaka sita, na hakuna mahali njia inakuhurumia.

Zoezi la mjini ni Mont Goma. Chukua sakado, weka ndani bido ya lita tano ya maji, panda, shuka, panda tena, mara tatu kwa wiki kwa mwezi mmoja. Kushuka usiruke, ju kushuka njo kunaua magoti siku ya pili. Mwenye asma, presha ya juu, ugonjwa wa moyo, aone daktari kwanza na aseme wazi kwamba kule juu kuna moshi ya volkano. Mwenye mimba asipande. Mwenye mafua ya kifua asubiri mwezi mwingine, mlima hautahama.

MWEZI GANI

Juni mpaka katikati ya Septemba njo wakati mzuri, na tena Desemba mpaka Februari. Machi, Aprili, Mei mvua inapiga kila siku na mawe inateleza, Oktoba na Novemba pia. Lakini hata Julai beba koti ya mvua, mlima una hali yake mwenyewe, Goma inaweza kuwa na jua na pale juu kunanyesha barafu ndogo ndogo.

PESA, NA NAMNA YA KUZIGAWANYA

Gawanya mara tatu mapema. Ya kwanza ni ruhusa ya parke, na hapo uliza wazi bei ya raia, usikubali kutajiwa bei ya mgeni wakati una karte ya elekta mu mfuko. Chukua risiti. Ya pili ni ya mbebaji na mpishi. Ya tatu ni usafiri kwenda na kurudi, na kidogo ya dharura.

Dola ziwe safi, unajua namna iko huku kwetu, noti ikichanika kidogo ku kona hakuna mtu anaipokea, na kijana wa Kibati mwenye umemlipa dola ya kuchanika ni kama hujamlipa, atazunguka nayo wiki nzima. Chenchi iwe ya franka, noti ndogo ndogo.

VIATU NJO NUSU YA SAFARI

Hapa natumia maneno mengi ju najua watu wanaharakisha. Jiwe la lava ya juzijuzi linakata sawa chupa iliyovunjika. Basketi za mjini zinamalizika siku moja. Unahitaji botini yenye inashika kifundo cha mguu, soli nzito yenye meno, na huna lazima ya kununua mpya, Birere na soko ya Virunga kuna chaguwa nzuri sana za Ulaya. Ila chaguwa iko na ugonjwa wake: gundi ya soli imezeeka. Kiatu kinaonekana kizima kabisa, unapanda masaa mawili, soli inafunguka mdomo. Sasa ukikinunua fanya hivi. Kikunje kwa mikono miwili, angalia pale soli inakutana na ngozi, ukiona kamstari ka nafasi kinaachana. Hata usipoona, peleka kwa fundi wa viatu wa mtaani umuambie ashone soli nzima kuzunguka, kwa uzi wa nailoni, haiko kupaka gundi tu. Ni pesa kidogo na inaokoa safari.

Kisha kivae ukiwa na soksi mbili, nyembamba ndani, nzito inje, simama ku mteremko ukiangalia chini. Vidole vikigusa mbele, ni kidogo, tafuta namba ya juu. Tembea nacho mjini wiki mbili. Kata makucha siku mbili kabla ya safari, haiko asubuhi yenyewe.

Nguo: usivae jinzi, ikilowa inakuwa nzito na haikauki. Suruali nyepesi, tisheti ya kupandia, tisheti ya pili kavu mu sashe ya plastiki iliyofungwa vizuri, pilovere mbili, koti nzito, kofia ya sufu ya kufunika masikio, soksi za mikono, soksi za miguu za kulalia. Usiku kule juu baridi inakaribia sifuri na mara nyingine inashuka chini yake, na upepo unaongeza. Watu wa Goma tunaidharau baridi ju tumezoea ya asubuhi ya Juni, ile ya juu ni nyingine kabisa.

Ongeza torshi ya kichwani na betri zake, kitambaa cha kufunika pua, dawa ya kichwa, plasta ya vidonda vya miguu, dawa zako mwenyewe kama unazo, mfuko wa kulalia. Simu iweke ndani ya nguo karibu na mwili ju baridi inamaliza betri haraka.

MAJI NA CHAKULA

Maji unayabeba kutoka Goma. Watu wengi wanafikiri watanunua Kibati ao watachota mahali, na hapa wanakosea wakazi wa kule. Ile ardhi ni lava, mvua ikinyesha maji yanaingia chini moja kwa moja, hakuna mto, hakuna chemchemi njiani, hakuna tone kule juu. Watu wa Kibati wenyewe wanahangaika na bido, wanakinga mvua ao wanatafuta mbali, wamama na watoto wanapoteza masaa. Ukifika unaomba maji unawanyang'anya. Hesabu lita nne kwa mtu kwa siku mbili kama kiasi cha chini kabisa, na juu yake ya kupikia. Asubuhi ya kutoka kunywa nyumbani nusu lita mbele ya kupanda gari.

Chakula kule juu kina shida moja watu hawaijui. Ku mita 3470 maji yanachemka kabla ya kufika moto wa kawaida, kama digri 88 hivi, kwa hiyo maharagi mabichi yanachelewa sana kuiva, utamaliza makala bure. Pika maharagi nyumbani, yapoze, yabebe mu chombo chenye kifuniko, juu unapasha tu. Birayi chemsha pia mapema, na maganda yake, inabebeka vizuri. Mchele iko sawa lakini unakunywa maji mengi.

Vya kula njiani: mayai ya kuchemsha, chapati, avoka, karanga, ndizi. Na vitu viwili vya kwetu vyenye naona hakuna mabiskwiti ya inje vinafikia, sambaza za kukaanga kavu, na fromaji ya Masisi. Ile fromaji ngumu haiharibiki haraka, inashibisha, ikikutana na mkate na chai ya tangawizi saa ya jioni unapata nguvu. Chai weka mu termosi ukitoka, juu utapika nyingine.

Makala: sashe moja nzuri na mbabula ndogo inatosha kundi la watu wanne watano. Kuni za parke hazikatwi, hata kavu za chini usiguse.

KUFIKA KIBATI NA KUTAFUTA MTU WA KUBEBA

Wengi wanalala Goma na wanatoka asubuhi. Ni sawa, ila kundi linaanza kupanda kama saa nne ya asubuhi, kwa hiyo uwe Kibati saa mbili, haiko saa nne kasoro. Yale masaa mawili hayapotei. Unajiandikisha, unapima mizigo, unamjua mtu atakayekubebea, unakunywa chai, mwili unazoea hewa kidogo. Moto ya pikipiki inafika, lakini ukiwa na sakado kubwa lipa nafasi mu gari, usianze siku ukiwa umeshika mzigo kwa mikono ku barabara ya vumbi.

Kibati haina hoteli za maana, usitafute. Ni kijiji cha chefferie ya Bukumu, watu wanalima birayi, maharagi na mahindi kwenye udongo mweusi katikati ya mawe, na kwa familia nyingi pesa ya kweli ilikuwa inatoka kwa wapandaji. Mlango ukifungwa mwaka mmoja, kuna nyumba watoto hawaendi shule. Kisha fikiria 2008 na tena 2022, wakati wakimbizi wa ndani walijaa pale Kibati na Kanyaruchinya, wale wakazi wamegawana mashamba na maji na watu waliokuwa hawana kitu. Kwa hiyo kuchukua mbebaji haiko starehe ya mtu mvivu. Kwangu ni sehemu ya tiketi.

Namna ya kufanya. Wabebaji wanajipanga pale ku kituo cha parke, wana zamu yao, wana mkubwa wao. Usimchukue mtu wa barabarani nje ya zamu, utaleta ugomvi na yule kijana hataruhusiwa kuingia. Nenda kwa mkubwa wao, salimia kwanza, kisha ongea wazi:

"Papa, tuko watatu, tunaomba watu wawili wa kubeba na mmoja wa kupika."

"Karibuni mama. Mizigo ni kilo ngapi?"

"Hatujapima, tunaomba tupime pamoja."

"Vizuri. Bei ya parke munaijua?"

"Tunaijua, papa. Na chakula chao tumeleta, na chumvi yao ya pembeni tutatoa tukirudi."

Hayo tu. Chumvi ya pembeni ni ile pesa kidogo ya shukrani juu ya bei. Pima mbele yao, mbebaji mmoja asivuke kilo 15, hata akikuambia yeye ni mwanaume anaweza ishirini. Bei muisikilizane yote kabla, kwenda na kurudi na usiku wa katikati, usiache kitu cha "tutaona kule". Uliza kila mmoja jina lake na ulitumie. Angalia ana nini ya kulalia: kuna kijana atakubali kazi akiwa na koti moja nyepesi ju anahitaji ile pesa, na usiku atatetemeka mpaka asubuhi. Ukiwa na blanketi ya ziada nyumbani, ibebe kwa ajili ya hiyo.

Namna wanafunga mzigo, iangalie, ni ya kujifunza. Mbebaji mzuri anafungua sakado yako, anatoa vitu vizito, maji na makala, anaviweka karibu na mgongo na juu kidogo, vyepesi vinaenda chini na pembeni, anazungusha kamba mara mbili, anauinua, anautikisa. Kitu kikilia ndani anafungua anaanza tena. Dakika kumi za pale zinaokoa masaa. Wewe baki na kasakado kadogo tu: maji lita moja na nusu, chakula cha njiani, koti ya mvua, tisheti kavu.

Mwisho chukua fimbo. Pale kijijini wana fimbo za miti za kukodisha ao kununua, hata kama uko kijana mwenye nguvu chukua, utaishukuru siku ya pili.

NJIA YENYEWE

Mlinzi ataongea kidogo kuhusu sheria, msikilize, kisha kundi linatoka pamoja na linapumzika pamoja ku vituo vilivyopangwa.

Kipande cha kwanza ni msitu, njia ni ya udongo, inapanda polepole na kuna kivuli. Hapo njo watu wanajiharibu. Wanaona ni rahisi, wanaongea, wanacheka, wanakimbia kuwa mbele. Tembea mwendo wa kuweza kuongea bila kuhema, hata ukiachwa nyuma, mlinzi wa mwisho yuko nyuma yako.

Kisha miti inaachana na unaingia ku mawe ya volkano ya 17 Januari 2002. Ni yale yale yaliyoshuka mpaka mjini, yakafunika sehemu ya uwanja wa ndege, yakakata Goma katikati mpaka ziwani, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Gisenyi na kwingine. Mwenye alikuwa Goma siku ile atanyamaza kidogo hapo, muache anyamaze. Mawe ni madogo, mepesi, yana vitobo, na yanazunguka chini ya mguu: unapanda hatua mbili unarudi moja. Dawa yake ni hii, weka mguu wote chini kwa mara moja, usikanyage kwa vidole, hatua iwe fupi, na kabla ya kuhamisha uzito subiri jiwe litulie. Tafuta mawe makubwa yaliyojishika, fuata nyayo za mbebaji wako ju yeye anayajua.

Mbele kidogo unapita karibu na Shaheru, ile kreta ya zamani iliyolala ubavuni mwa Nyiragongo, na kuna nyufa bado zinatoa mvuke ya moto. Watu wanapenda kupasha mikono pale. Fanya haraka na usiinamishe uso.

Baada ya hapo mlima unasimama. Hapo miguu inauliza maswali, hewa inakuwa nyepesi, miti inakuwa mifupi, unaanza kuona yale majani makubwa ya ajabu ya milima ya juu, lobelia na senesio. Kichwa kikianza kuuma, kunywa, punguza mwendo, kula kitu kidogo cha sukari. Kikizidi, ukianza kutapika ao kuyumba, muambie mlinzi bila haya, kushuka mita mia chache tu kunabadilisha hali. Kipande cha mwisho ni mawe ya kulala, mwinuko mkali, unashika kwa mikono, na upepo unapiga.

Wanaofika wa kwanza wanakuwa wamelowa jasho, wanakimbilia kupiga picha, na dakika kumi baadaye wanatetemeka. Ukifika, kitu cha kwanza ni kuvua ile tisheti iliyolowa, kuvaa kavu, koti, kofia. Picha baadaye.

USIKU KU MDOMO

Juu kuna vijumba vidogo vya watu wawili wawili. Siku ya kujiandikisha uliza hali yake, kama bado vina kitanda ao unabeba hema. Weka vitu ndani, msaidie mpishi kuwasha. Mbabula iwashwe kwa kujikinga na upepo nyuma ya jiwe, na kamwe, kamwe isiingizwe ndani ya kijumba wala hema kwa kujipasha. Moshi ya makala inaua mtu akiwa amelala, hata moto ukionekana umekufa.

Kula mapema kabla ya giza, kula moto, wabebaji na walinzi wale pamoja nanyi. Kisha mnaenda ku mdomo.

Kreta ina upana wa zaidi ya kilomita moja, na ukingo hauna uzio. Simama mbali kuliko unavyotaka, usikae ku jiwe linaloning'inia, usirudi nyuma ukipiga selfi, torshi iwake kila unapohamisha mguu. Kuhusu moto wenyewe, usimuahidi mtu kitu. Kwa miaka mingi mule ndani kulikuwa ziwa la lava linalochemka, kati ya makubwa kabisa duniani, na Mei 2021 lilimwagika, chini kabisa ya kreta kukabadilika. Siku ya kujiandikisha uliza kinachoonekana sasa. Hata mawingu yakifunga kila kitu, asubuhi yakifunguka unaona Mikeno na Karisimbi, Nyamulagira pembeni, ziwa Kivu, na Goma yote chini, na unaelewa kwa macho yako njia lava inafuata. Lava ya hapa ni nyepesi kuliko ya volkano nyingi ju ina silika kidogo, inatiririka, na tarehe 10 Januari 1977 ilishuka kwa mbio ya gari mpaka watu hawakupata nafasi ya kukimbia. Mtu wa Goma akiyaona haya kutoka juu, siku OVG itabadilisha rangi hatabisha tena.

MAZUKU NA MOSHI

Mazuku tunayajua hapa mjini, tunajua mbuzi na watoto wamekufa nayo mu mashimo ya upande wa ziwa. Ni gazi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi, haina harufu, inalala mahali pa chini. Ubavuni mwa volkano iko pia. Kwa hiyo usiingie ku shimo wala bonde dogo la mawe kwa kujisaidia ao kujikinga na upepo, hata njia ikionekana fupi. Ukiona ndege ao mdudu wamekufa mahali pamoja, rudi. Ukiona mwenzako ameanguka mu shimo, usimfuate ukiinama, piga kelele, mlinzi aje, ju wengi wanaokufa ni wale walioenda kusaidia.

Ile ya kreta ni nyingine, ina harufu ya kiberiti, inakata koo na macho. Upepo ukiileta kwenu, loweka kitambaa, funika pua na mdomo, ondoka ukingoni, subiri igeuke. Mwenye asma arudi kijumbani mara moja.

KUSHUKA

Mnaamka kabla ya jua, chai, kitu cha kula, na kama saa moja mnaanza kushuka. Inachukua masaa matatu mpaka manne. Funga kamba za viatu kwa nguvu pale kifundoni ili mguu usiteleze mbele, fimbo iende mbele yako, magoti yakunjwe kidogo, hatua fupi. Ku yale mawe ya 2002 watu wanapenda kuteleza kwa makusudi kama watoto, na hapo njo vifundo vinavunjika.

Takataka zote zinashuka, hata maganda ya mayai, hata karatasi ya choo. Uliza mbebaji wako kama sashe yake ina nafasi kabla ya kumpa.

Kibati usipande gari mara moja. Lipa kila mtu mkononi mwake mwenyewe, haiko kupitia mwenzake, mbele ya mkubwa wao, na chumvi ya pembeni uliyoahidi uitoe bila kukumbushwa. Nunua birayi ao maharagi pale pale kijijini kabla ya Goma, wamama wanauza kando ya barabara na mfuko mmoja wa kwako ni siku nzima ya yule mama. Na ukiwa na botini zenye hutazitumia tena, usirudi nazo nyumbani zikazeeke chini ya kitanda. Wabebaji wengi wanapanda ule mlima na bote ya mpira. Asubuhi ile ya kupima mizigo, uliza namba ya miguu yao.